Namba 109 si likembe ya babu: vijana wa Saio wajipangie wenyewe njia za sauti

BUNIA, Saio – Siku ya Mungu asubuhi, mtu anayetembea kwa mguu ndani ya mtaa wa Saio anaweza kuhesabu makanisa kwa masikio tu. Kila mita chache kuna bafle, kuna korali, kuna kinanda. Lakini akisikiliza vizuri ataona jambo moja: nyimbo ni tofauti, lugha ni tofauti, na vinanda vyote vinasema kwa sauti moja. Piano ile ile, violoni zile zile, tarumbeta ile ile. Sauti hizo zilitengenezwa mbali sana na Ituri, na watu wasiojua kama Saio iko duniani.

Katika mazoezi ya korali, mazungumzo kama haya si mageni:

– Yaya, weka basi sauti ya likembe.
– Likembe? Iko moja hapa, namba 109. Wanaiita Kalimba.
– Hapana, hiyo iko safi sana. Likembe ya babu ilikuwa inavuma. Ile mvumo iko wapi?
– Mvumo haiko. Kinanda kinatoa kile kilichonacho.

Mazungumzo yanaishia pale, na korali inarudi kwenye piano. Lakini jibu lile la mwisho ndilo linalopaswa kukataliwa. Kinanda cha dukani kinatoa kile kilichonacho, ni kweli. Programu ya kompyuta inayotengeneza sauti haifungwi hivyo. Inatoa kile ambacho mtu amekipanga. Na leo hii kijana wa Saio mwenye kompyuta ya zamani, bila kulipa hata franka moja ya programu, anaweza kuipanga sauti hiyo mwenyewe. Kinachokosekana ni ujuzi wa kuunganisha njia za mawimbi, na nia ya kuufundisha.

Namba 109 ilitoka wapi

Mwaka 1991 watengenezaji wa vinanda walikubaliana juu ya orodha moja ya sauti 128, inayoitwa General MIDI, ili wimbo ulioandikwa kwa kinanda cha kampuni moja usikike sawa kwa kinanda cha kampuni nyingine. Ndani ya orodha hiyo, namba 1 ni piano, na namba 109 ni Kalimba. Afrika nzima, pamoja na ndimi zake zote za chuma na za mianzi, ilipewa namba moja.

Hata jina lenyewe lina historia. Kalimba ni jina ambalo Hugh Tracey alilitumia kwa chombo alichoanza kukitengeneza na kukiuza kutoka Afrika Kusini mwaka 1954. Tracey ni yule yule aliyezunguka Afrika na mashine za kurekodi, na mwaka 1952 alirekodi muziki kando ya msitu wa Ituri. Alikuwa ameyasikia mengi. Lakini chombo alichokiuza kilifungwa kwenye noti za Kizungu za do-re-mi, ili kiweze kupigwa pamoja na gitaa na piano. Ndicho kilichojulikana duniani, na jina lake ndilo lililoingia kwenye orodha.

Hakuna ubaya kwa mtu kuuza chombo. Ubaya ni pale mtoto wa Saio anapofikiri kwamba namba 109 ndiyo likembe, na kwamba ile ya babu, yenye vipete vya waya vinavyotetemeka, ilikuwa na kasoro.

FM ya redio na FM ya kinanda

Wakaaji wa Bunia wanaijua FM kwa sababu ya redio. Kila asubuhi wanafungua Radio Okapi, Radio Candip au redio nyingine za mji, wanasikia habari. Kinachotokea hewani ni hiki: kuna wimbi moja linalobeba, linalotikisika karibu mara milioni mia kwa sekunde. Sauti ya mtangazaji inalivuta wimbi hilo kidogo juu na kidogo chini. Redio ya nyumbani inaangalia mvuto ule, inaurudisha kuwa sauti ya mtu. Wimbi linalobeba lenyewe hakuna anayelisikia.

Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, mwanamuziki mmoja aitwaye John Chowning alikuwa anacheza na kompyuta. Hakuwa injinia. Alikuwa anajaribu kutikisa sauti moja kwa kutumia nyingine, kama mwimbaji anavyotetemesha koo. Akaongeza kasi ya mtikiso, akaongeza nguvu yake, na ghafla sikio halikusikia tena koo linalotetemeka: lilisikia sauti mpya kabisa. Ni FM ile ile ya redio, ila hapa wimbi linalobeba limeshushwa mpaka mahali ambapo sikio linalisikia.

Chowning aliandika kazi yake mwaka 1973. Stanford ilipata haki ya uvumbuzi mwaka 1977, na kampuni ya Yamaha ya Japani ndiyo iliyonunua ruhusa ya kuutumia. Chuo kile kilipata zaidi ya dola milioni 20 kutokana na wazo hilo. Mwaka 1983 Yamaha ilitoa kinanda cha DX7, na zaidi ya 150,000 viliuzwa. Wengi wa walionunua hawakutengeneza sauti hata moja. Walitumia zile zilizopikwa tayari, kwa sababu kuzipanga kulikuwa kugumu na dirisha la kinanda lilikuwa dogo kama la simu ya vitufe. Ndiyo maana nyimbo nyingi za miaka ile, Ulaya, Amerika na hata Afrika, zina piano ya umeme inayofanana. Tatizo la Saio, basi, si la Saio peke yake. Lilianza huko huko kwenye kiwanda.

Njia za mawimbi ni nini

Ndani ya DX7 mna vitengo sita vidogo vinavyoitwa opereta. Kila opereta inatoa wimbi moja laini, na ina mpango wake wa kupanda na kushuka kwa nguvu. Peke yake haina utamu. Inapiga kama mluzi. Utamu unatoka kwenye swali hili: nani anamtikisa nani, na nani anapeleka sauti kwenye bafle?

Kuna njia tatu za msingi, na mtu wa Bunia anazijua zote kwa mifano ya kila siku.

Ya kwanza ni kukaa sambamba. Opereta tatu zinaimba pamoja, kila moja inapeleka sauti yake nje, kama waimbaji watatu wa korali. Hakuna anayemgusa mwingine. Sauti inakuwa safi na tulivu, kama ogani.

Ya pili ni kupanga mstari. Ya tatu inaitikisa ya pili, ya pili inaitikisa ya kwanza, na ya kwanza peke yake inasikika. Ni kama habari ya sokoni: mmoja anasema, wa pili anaongeza chumvi, wa tatu anaongeza pilipili, na inapofika kwa msikilizaji haifanani na ilivyoanza. Mstari mrefu unatoa sauti kali na yenye mikwaruzo.

Ya tatu ni kujirudia: opereta inajitikisa yenyewe. Kila mtu aliyewahi kushika mikro karibu na bafle kanisani anaijua hali hiyo. Kidogo kinaongeza ukali; kingi kinaleta kelele kama ya upepo.

Sasa, idadi ya mitikisiko nayo ina neno lake. Opereta mbili zikitikisika sawa kwa sawa, sauti inaelekea tarumbeta. Inayotikisa ikiwa na kasi mara mbili ya inayobeba, sauti inakuwa tupu katikati kama klarineti. Na hesabu zikikosa kupatana, kengele inazaliwa. Chowning mwenyewe alionyesha kengele kwa kutumia wimbi la 200 lililotikiswa na wimbi la 280 kwa sekunde. Sikio linapata 200, linapata 480, linapata 760, na upande wa chini linapata 80 na 360. Namba hizo hazishikani kama noti za wimbo mmoja, na ndivyo chuma kilivyo.

Yamaha haikumwachia mpigaji kuunganisha opereta sita apendavyo. Ilichora mipango 32, ikasema: chagua mmoja. Vinanda vyake vidogo vilikuwa na opereta nne na mipango 8 tu. Sababu haikuwa roho mbaya. Mashine za wakati ule zilikuwa na nguvu ndogo, na mtu aliyenunua kinanda hakutaka kusoma hesabu.

Likembe kama mtihani

Je, mipango 32 inatosha? Hapa ndipo watu wanaobishana juu ya programu hizi wanapaswa kuacha maneno na kuchukua chombo kimoja cha kweli. Kwa Ituri, chombo hicho ni likembe. Inajulikana katika sehemu nyingi za Kongo, na Waalur wa pande zote mbili za mpaka na Uganda wanaipiga.

Sauti yake ina sehemu tatu. Ya kwanza ni mwili: noti yenyewe, laini, inayodumu kidogo. Ya pili ni mdundo wa kidole unapoachia ulimi wa chuma. Fizikia inasema kwamba ulimi mnyoofu wa chuma, ulioshikwa upande mmoja na kuachiwa upande mwingine, una mtikisiko wa pili ulio mara 6.27 ya ule wa kwanza. Si mara 6, wala si mara 7. Ndiyo maana mwanzo wa noti unalia kama kichuma kinachogongwa, kisha unanyamaza upesi. Ya tatu ni mvumo: vipete vya waya kwenye ulimi vinatetemeka na kupiga kelele ndogo.

Ukichukua mpango namba 5 wa DX7, unapata jozi tatu zilizokaa sambamba. Jozi ya kwanza inafanya mwili. Jozi ya pili inawekwa karibu na 6.27, na kupangiwa kufa haraka. Jozi ya tatu, ambayo ndani yake mna opereta inayojitikisa, inafanya mvumo. Kijana akiketi jioni moja na mpango huu atapata likembe nzuri kuliko namba 109, tena kwa mbali. Basi anayesema kwamba mipango iliyofungwa haifai kitu anatia chumvi.

Lakini kuna kitu kimoja kinachogoma. Kwenye likembe ya kweli, vipete havina maisha yao peke yao. Ulimi ukipigwa kwa nguvu, vinavuma. Ukiguswa polepole, vinanyamaza. Mvumo unamfuata mwili. Katika mpango namba 5, jozi ya tatu haijui lolote linalofanyika katika jozi ya kwanza. Mtu anadanganya sikio kwa kupanga nguvu zishuke pamoja, lakini mpigaji mzee atagundua.

Dawa yake ni uzi mmoja tu: kutoka opereta ya mwili mpaka opereta ya mvumo, ili mwili ukiwa na nguvu mvumo uwe mkali, na mwili ukilegea mvumo ulegee wenyewe. Uzi huo haumo katika mpango namba 5. Kwa uzi mmoja, mlango umefungwa.

Jedwali: uhuru na hatari zake

Programu nyingi za sasa zimeuvunja mlango huo kwa kutumia jedwali. Opereta sita zinaandikwa upande wa kushoto, na hizo hizo sita zinaandikwa juu. Kila chumba cha jedwali ni uzi: nani anamtikisa nani, na kwa nguvu gani. Programu ya kampuni ya Native Instruments iitwayo FM8 ilijengwa hivyo.

Vyumba ni 36. Hata kama kila chumba kingekuwa na majibu mawili tu, wazi au kufungwa, kungekuwa na mipango zaidi ya bilioni 68. Yamaha ilitoa 32. Mtu anaweza kupiga makofi kwa ajili ya uhuru huo. Lakini mtu huyo huyo amweke mtoto wa miaka kumi na tano mbele ya vyumba 36 vitupu, amwambie atengeneze likembe. Baada ya saa moja mtoto atakuwa amepata kelele ya mashine ya kusaga mihogo, na atarudi kwa namba 109. Uhuru usio na njia ya kuanzia unamrudisha mtu kwenye orodha ile ile.

Kuna tatizo jingine ambalo mjenzi wa programu hawezi kulikwepa. Ili kuhesabu opereta inayotikiswa, kompyuta lazima iwe imekwisha kuhesabu ile inayotikisa. Katika mstari ulionyooka hakuna shida: unaanza juu, unashuka. Lakini jedwali linaruhusu duara. Ya kwanza inaitikisa ya pili, na ya pili inaitikisa ya kwanza. Hapo ni kama ofisi mbili za serikali: hii haipigi muhuri mpaka ile ipige, na ile haipigi mpaka hii ipige. Mwananchi anakaa kwenye benchi mpaka jioni.

Wajenzi wanatoka kwa ujanja mmoja: opereta inatumia jibu la mwenzake la hatua iliyopita. Kompyuta inapohesabu sauti mara 44,100 kwa sekunde, kuchelewa huko ni kudogo sana, na katika sauti nyingi hakuna anayekusikia. Ila katika noti za juu na mitikiso mikali kunabadilisha rangi ya sauti, na mtu akihamisha kazi yake kwenye mashine inayohesabu mara 48,000, sauti inaweza kutofautiana kidogo. Mjenzi mwaminifu anapanga kwanza nyuzi zote zisizo na duara kwa zamu yake, na kuacha kuchelewa kwa zile za duara peke yake. Anayezichelewesha zote kwa sababu ni rahisi kuandika, anamwibia mpigaji bila kumwambia.

Na duara likipewa nguvu nyingi, sauti inageuka kelele kali. Katika mtaa ambapo bafle moja ni mali ya kanisa zima, iliyonunuliwa kwa sadaka za miezi, programu isiyo na breki ya kuzuia kelele hiyo haifai kuingia mlangoni.

"Si warekodi tu?"

Wako watakaosema kwamba maneno haya yote ni ya bure. Simu iko mfukoni. Mtafute mzee, mrekodi noti kumi za likembe yake, uziweke kwenye kompyuta, kazi imekwisha.

Kwanza, wako sahihi nusu. Kurekodi kunapaswa kufanyika, tena kufanyike kabla ya mengine yote. Tangu mwisho wa mwaka 2017 vita vya Djugu na sehemu nyingine za Ituri vimesukuma maelfu ya familia mpaka Bunia, kwenye kambi kama Kigonze na kwenye nyumba za ndugu. Mtu anayekimbia usiku anabeba mtoto, anabeba sufuria. Habebi likembe wala adungu. Vyombo vingi vilibaki kwenye nyumba zilizochomwa. Wanaojua namna vilivyokuwa vinalia ni wazee, na wazee wanaondoka mmoja mmoja. Hilo ndilo jambo zito lililoko nyuma ya hadithi hii ya mawimbi.

Lakini rekodi ina mipaka. Ni picha ya pigo moja. Mpigaji hawezi kuiambia ivume zaidi, ife haraka zaidi, au ifuate kidole. Pia ni nzito: dakika moja ya sauti ya kawaida isiyobanwa inachukua zaidi ya megabaiti 5. Sauti ya DX7 imeandikwa kwa baiti 128. Sauti 32 pamoja zinaingia katika faili la baiti 4,104. Hata ukiongeza vyumba 36 vya jedwali, bado ni kitu kidogo kuliko picha ndogo ya simu. Mahali ambapo watu wananunua mega kwa kuhesabu, kijana wa Saio anaweza kumtumia mwenzake wa Mahagi au Aru likembe nzima, naye akairekebisha ifanane na ile ya kijiji chake, akairudisha. Rekodi haitembei hivyo.

Tena kuna jambo la tatu. Anayerekodi anahitaji mzee kwa saa moja. Anayepanga sauti anamhitaji kwa siku nyingi, kwa sababu kila jioni atamwuliza: "Papa, sasa iko namna gani?" Na mzee atajibu: "Punguza chuma. Ongeza mvumo. Noti hii ya tatu ishuke kidogo, sisi hatukuiweka pale." Katika mazungumzo hayo mtoto anajifunza yale ambayo mikro haisikii: kwa nini noti ile inashuka, nani alipiga, wakati gani. Mzee aliyepoteza nyumba yake anapewa tena kazi ya kuhukumu, na neno lake linabadilisha kitu.

Umeme na mashine

Wengine watauliza juu ya umeme na juu ya kompyuta. Ni haki yao, kwa sababu katika sehemu nyingi za mji umeme ni grupu au paneli ya jua. Lakini FM ni kati ya njia nyepesi kabisa za kutengeneza sauti. Opereta sita kwa noti 16 zinazolia pamoja ni mawimbi 96. Ukizidisha mara 44,100 unapata hesabu kama milioni 4 kwa sekunde, na jedwali lenye vyumba 36 linaongeza kama milioni 25. Kompyuta ya zamani iliyouzwa kama okazio inafanya hayo bila kutoka jasho, na betri yake haimalizwi kwa kazi hiyo.

Programu nazo zipo. Haki ya uvumbuzi ya Stanford ilikwisha katikati ya miaka ya 1990, na leo kila mtu ana ruhusa ya kujenga sintetiza ya FM. Dexed ni programu ya bure inayofanya kazi kama DX7, na kila mtu anaweza kuufungua na kuusoma mwandiko wake wa ndani. Moyo wake ulitoka kwenye mradi wa Google uliotengenezwa kwa ajili ya simu za Android. Inakubali pia kupewa ngazi nyingine za noti badala ya zile kumi na mbili za piano, na hilo kwa likembe na adungu ni nusu ya kazi.

Dexed imefuata mipango 32 ya Yamaha kwa uaminifu, kwa hiyo ule uzi mmoja wa mvumo haumo. Lakini mwandiko uko wazi. Wanafunzi wa informatiki wako Bunia, katika Chuo Kikuu cha Bunia, katika Chuo Kikuu Shalom na kwingineko. Kila mwaka wanatafuta kichwa cha kazi ya mwisho wa masomo, na kila mwaka programu za kusimamia duka la dawa zinaongezeka. Mmoja wao akiandika sintetiza ndogo ya FM iliyopangwa kwa masikio ya Ituri, hakuna profesa atakayesema kazi ni nyepesi.

Programu hiyo ijengwe namna gani

Baada ya kupima pande zote mbili, hukumu ni hii: mipango iliyofungwa ni mlango mzuri wa kuingilia, na jedwali ni nyumba. Mlango bila nyumba ni utani. Nyumba bila mlango ni gereza. Programu inayofaa Saio iwe na vyote viwili.

Ianze na opereta nne na mipango 8 iliyochorwa kwa picha, ili mtoto aone kwa macho nani yuko juu ya nani. Anapochagua mpango, jedwali lijijaze lenyewe nyuma yake. Siku atakayokuwa tayari, afungue jedwali na kukuta mpango wake umeandikwa pale. Aongeze uzi mmoja, asikilize kilichobadilika. Hivyo hatakutana kamwe na vyumba vitupu.

Kila uzi uwe na nguvu yake mwenyewe. Katika DX7 opereta moja ilipotikisa mbili, zote zilipata nguvu ile ile. Mwili wa likembe unapaswa kusikika sana kwenye bafle na kugusa mvumo kidogo tu. Hayo ni mambo mawili, yasiwekwe kwenye kifungo kimoja.

Duara liruhusiwe, lakini liwe na rangi yake na breki yake, ili mwanafunzi ajue kwamba ameingia mahali pa hatari. Ngazi ya noti iwe wazi tangu ukurasa wa kwanza, isifichwe chini ya vifungo vitano. Na maneno yawe ya Kiswahili: mwili, mvumo, uzi, kupanda, kufa. Mpigaji wa korali anayajua maneno hayo kabla hajafungua kompyuta.

Kwa makanisa, ombi ni dogo. Grupu inapowashwa kwa mazoezi ya Jumamosi, vijana waachiwe saa moja baada ya korali kumaliza. Kwa redio za mji, ombi ni kufungua mikro kwa wazee wapigaji waliomo kambini, na kuyahifadhi yaliyorekodiwa mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuyasikia tena.

Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya Voyager kwenda mbali na jua, kila kimoja na sahani ya sauti za dunia. Ndani yake mna wimbo wa wasichana wa Mbuti, usiofika hata dakika moja, uliorekodiwa na Colin Turnbull, yule aliyeishi nao katika msitu wa Ituri. Sauti ya Ituri, basi, imekwisha kupita sayari zote. Ingekuwa aibu ipite sayari zote halafu ikose njia ya kufika kwenye kinanda cha Saio, kwa sababu tu ya uzi mmoja ambao hakuna aliyekubali kuufunga.